Kabla ya Predinisoloni: Kuhara Damu Kunakodumu, na Kwa Nini Ninasubiri Majibu ya Kinyama cha Utumbo

Wagonjwa wengi wanaofika kliniki yangu hapa Moshi huwa wamekwisha kuupa ugonjwa wao jina kabla hawajaketi. Jina lenyewe ni "vidonda vya tumbo", nalo hubebeshwa kila kitu: kiungulia, gesi, kukosa choo siku nne, hata kuhara damu. Sina ugomvi nalo likitumika kwa vidonda halisi vya tumbo la chakula, ambavyo mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Helikobakta pailori au na dawa za maumivu kama diklofenaki. Ninachotaka kukieleza leo kiko chini zaidi, ndani ya utumbo, na kikifichwa katika jina hilo huweza kukaa miaka bila mtu kukitazama.

Kuhara damu kwa siku chache, katika nchi yetu, kwa kawaida ni maambukizi, na daktari hana sababu ya kutafuta mbali. Lakini damu ikiendelea kwa wiki nne au sita, mtu akawa anaamshwa usiku na choo, suruali zikaanza kumpwaya na wingi wa damu mwilini ukashuka, hapo lazima niyafikirie pia magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo. Uvimbe ninaousema si nundu wala saratani. Ni ule utando wa ndani kuwa mwekundu, kufura na kuchubuka kwa sababu kinga ya mwili imeugeukia utumbo wenyewe. Magonjwa haya makuu ni mawili. Kolaitisi ya vidonda huanzia kwenye puru, yaani mwisho wa utumbo mpana karibu na njia ya haja kubwa, na kupanda juu bila kuacha nafasi, nayo hubaki katika utando wa ndani wa utumbo mpana. Ugonjwa wa Crohn, uliopata jina lake kutokana na andiko la madaktari Crohn, Ginzburg na Oppenheimer wa New York mwaka 1932, waweza kushika mahali popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, huruka sehemu nzima na kushika nyingine, na huchimba ukuta wote wa utumbo.

Ugumu wa kazi yetu huku Kaskazini ni kwamba ugonjwa wa Crohn una pacha wake, na pacha huyo tunamfahamu vizuri mno. Kibong'oto, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, haiko mbali nasi. Hata hivyo watu husahau kwamba kifua kikuu hakiishii kifuani, na kikiingia tumboni hupenda sana mahali pale pale ambapo Crohn hupenda, yaani utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana.

Nitoe mfano, nikiwa nimechanganya habari za wagonjwa kadhaa ili asitambulike hata mmoja. Kijana alikuja amekonda, ana maumivu upande wa kulia chini ya kitovu, na katika mfuko wa nailoni amebeba maboksi matupu ya dawa. Alikuwa amekunywa Flagyl mara tatu, kisha mahali fulani akapewa predinisoloni, dawa ya kundi la steroidi. Kwa wiki mbili alijisikia amepona kabisa, akala vizuri, akarudi shambani. Wiki ya nne homa za jioni zikaanza. Nafuu ile ndiyo mtego. Steroidi hutuliza uvimbe wa aina yoyote huku zikiilegeza kinga, kwa hiyo kama aliyemo ndani ni bakteria wa kifua kikuu, amefunguliwa mlango. Na kama ni amiba, utumbo waweza hata kutoboka.

Tulimpiga kamera ya utumbo mpana. Vidonda vilivyouzunguka utumbo kama pete huniegemeza upande wa kifua kikuu, na vilivyokwenda kwa urefu kama mifereji huniegemeza upande wa Crohn, lakini kuegemea si kujua. Tukachukua vinyama, yaani vipande vidogo vya utando wa utumbo, kutoka sehemu mbalimbali, vingine vya maabara ya magonjwa ya tishu na vingine vya kupima vimelea. Mara nyingi, kama ilivyokuwa kwake, majibu huja bila kuamua lolote, maana bakteria katika kinyama cha utumbo huwa wachache na kipimo kikisema hawapo, hakijawaondoa. Hapo njia inayokubalika ni kuanza dawa za kifua kikuu na kurudia kamera baada ya miezi miwili au mitatu. Vidonda vyake vilikuwa vimefunga, akamalizia dozi ya miezi sita. Vingebaki vilevile, ningerudi kwenye Crohn nikiwa na sababu.

Wagonjwa huniuliza kama minyoo yetu haitukingi na magonjwa haya. Swali si la kipuuzi: watafiti wa Marekani waliwanywesha wagonjwa mayai ya minyoo ya nguruwe, na majaribio madogo yaliyochapishwa mwaka 2005 yaliwapa watu matumaini, ila jaribio kubwa la baadaye kwa wagonjwa wa Crohn halikuonyesha faida. Kuhusu chakula jibu langu ni fupi: utumbo ukiwa umewaka au njia yake imebana, mtori hupita kirahisi kuliko maharage na makande, lakini hakuna chakula kinachotibu ugonjwa wenyewe.

Steroidi nazo si adui. Truelove na Witts wa Oxford walionyesha mwaka 1955 kwamba kotisoni huwatuliza wagonjwa wa kolaitisi kali, na hadi leo mgonjwa anayekwenda choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, huku ana homa au moyo unamwenda mbio, nitamlaza na kumpa steroidi kwa mshipa. Ila ni dawa ya kuzimia moto, haifai kuwa dawa ya kila siku. Dawa za kibayolojia, yaani kingamwili zinazotengenezwa maabara ili kuzuia sehemu ya kinga ya mwili, kama infliksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, zina nguvu na zina bei. Isitoshe, huweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo hakitafutwi baada ya sindano bali kabla yake.

Kwa kolaitisi ya wastani, mimi hutegemea zaidi sulfasalazini, dawa iliyobuniwa Sweden kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Huongezwa polepole ili isichefue, huambatana na foliki asidi kwa kuwa huzuia ufyonzwaji wake, na haifai kwa mwenye mzio wa salfa. Pia hupunguza mbegu za kiume, jambo ambalo wanaume huliuliza wakiwa wamekwisha kushika kitasa cha mlango. Huwaita warudi kukaa, nikawaeleza kwamba hali hiyo hurejea kawaida miezi michache baada ya kuacha dawa, na kwamba anayetaka mtoto aniambie mapema, tutabadilisha.