Dawa za presha ya mapafu: yanayosemwa na ukweli wake

"Namezea presha tayari, kwa hiyo na ya mapafu imo humo humo."
Haimo. Mashine ya mkononi hupima damu inayosukumwa na upande wa kushoto wa moyo kwenda mwilini. Presha ya mapafu iko kwenye mishipa inayotoka upande wa kulia, na mtu anaweza kusoma 110/70 mkononi huku moyo wake wa kulia umeelemewa. Eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, hutoa makisio tu. Uthibitisho ni mrija unaopitishwa ndani ya mshipa hadi mapafuni, na wastani wa presha ya humo ukizidi milimita 20 za zebaki, presha iko juu.

Amlodipine na nifedipine, dawa za presha ya kawaida, huwafaa wachache tu wenye presha ya mapafu, wale ambao wakati wa kipimo hicho walivutishwa dawa na wastani wao ukashuka kwa angalau 10 mpaka kufika 40 au chini, bila moyo kupunguza damu inayotolewa. Asiyefaulu jaribio hilo akipewa dozi kubwa, presha ya mwili huporomoka na moyo hudhoofika zaidi.

"Sildenafil ni ya nguvu za kiume, mama ameandikiwa kimakosa."
Hakuna kosa. Dawa hii hulegeza mishipa ya mapafu ya mwanamke sawasawa na ya mwanamume. Tofauti ni dozi: kwa mapafu kawaida ni miligramu 20 mara tatu kwa siku, kila siku, wala si kidonge cha 50 au 100 cha kumeza siku moja moja. Tadalafil, ndugu yake, ni miligramu 40 mara moja.

Hatari kubwa iko kwenye mchanganyiko. Mgonjwa anayetumia sildenafil anafika hospitali na maumivu ya kifua, anawekewa chini ya ulimi kidonge cha naitreti, dawa ya kutanua mishipa ya damu, presha inaanguka ghafla na anaweza kufa. Sema unatumia sildenafil kabla hujafungua mdomo kupokea kidonge hicho. Ndugu anayekusindikiza naye ajue. Riociguat, dawa nyingine ya presha ya mapafu, nayo haichanganywi na sildenafil kamwe. Rifampicin ya kifua kikuu hupunguza sildenafil kwenye damu; ritonavir ya VVU huipandisha mno.

"Jirani ana ugonjwa huo huo, tugawane dawa."
Jina ni moja, chanzo ni tofauti. Huku kwetu wengi wameharibikiwa valvu (mlango wa kupitisha damu) ya moyo upande wa kushoto kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Ukiwalegezea mishipa ya mapafu, damu huja kwa wingi mahali ambapo mlango wa mbele ni mwembamba, na mapafu hujaa maji. Tiba yao ni kushughulikia valvu hiyo. Mwenye mabonge ya damu ya zamani mapafuni huhitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, na kwa wengine upasuaji wa kuyatoa. Kichocho cha matumbo, kinachopatikana sana kando ya Ziwa Victoria, nacho huharibu mishipa ya mapafu. Praziquantel huua minyoo, lakini uharibifu uliokwisha kutokea haiurudishi nyuma.

"Bosentan haina shida, ni kidonge tu."
Dawa hii nyingine ya presha ya mapafu huanza na miligramu 62.5 mara mbili kwa siku kwa wiki nne, kisha 125 mara mbili. Ini hupimwa kila mwezi. Huweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, na hudhoofisha uzazi wa mpango wa homoni: vidonge, sindano na vijiti. Ongeza kondomu au tumia kitanzi cha shaba, na pima mimba kila mwezi. Miguu ikivimba au uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache, piga simu kliniki.

"Nikipata nafuu naacha."
Nafuu hiyo inatokana na dawa. Ukiacha, mishipa hubana tena. Epoprostenol, dawa ya presha ya mapafu inayoingizwa kwenye mshipa, ndiyo hatari kuliko zote kuikatiza: nusu yake huisha mwilini ndani ya dakika chache, hivyo huingia mfululizo kwa pampu. Mrija ukiziba au betri ikiisha ni dharura ya papo hapo. Kaa na pampu ya akiba, betri za akiba na dozi iliyokwisha kuchanganywa, hata ukienda sokoni.