Wavu ukinasa kwenye kebo, usivute

Msimu huu wa kusi tumepokea ofisini malalamiko ya aina mbili, na wanaoyaleta hawajui kwamba wanalalamikia jambo moja. Wavuvi wa Kunduchi, Ununio na Fumba wanasema nyavu zinanasa chini na nanga hazitoki. Wakazi wa mjini wanauliza kwa nini mkongo wa intaneti ukikatika huchukua siku na hata wiki kurudi. Yote yanaishia kwenye sakafu ya bahari, zilikolazwa kebo zinazobeba umeme na mawasiliano yetu. Kampeni ya elimu tunayoianza inawahusu wote, ingawa leo nitasema zaidi na watu wa baharini, kwa sababu wao ndio tunaowahitaji zaidi.

Aliyekuwapo Unguja mwaka 2008 hana haja ya kuelezwa kebo ina kazi gani. Kisiwa kilitegemea kebo moja iliyolazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, hadi Fumba, yenye uwezo wa megawati 45. Tarehe 21 Mei umeme ukakatika, na haukurudi hadi 18 Juni. Pampu za maji zilisimama, watu wakahangaika na ndoo. Desemba 2009 ikatokea tena, na safari hii giza likadumu miezi mitatu. Baadaye mchumi wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alipitia kumbukumbu za wodi ya wazazi akakuta kuwa watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza la 2008 walizaliwa na uzito pungufu. Hilo ningependa watu walishike. Tunapozungumzia hasara ya kebo, wengi wanawaza friji ya samaki; hasara ile ilifika hadi kwenye mizani ya mkunga.

Pemba ilipata kebo yake kutoka Tanga mwaka 2010, na mwaka 2013 Unguja ikapata nyingine ya megawati 100, yenye urefu wa kilomita 37 hivi. Upande wa intaneti, mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Tukadhani tumejitosheleza. Jumapili ya 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ikapata hitilafu kwa pamoja kusini huko, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za pwani hii, Tanzania ikiwamo, zikayumba. Njia mbili zinazopita jirani huhesabiwa kama njia moja siku ya balaa.

Hapa naomba nisahihishe jambo ambalo nimelisahihisha mikutanoni mpaka nimechoka. Intaneti yako haishuki kutoka angani. Satelaiti zipo na zinasaidia, lakini karibu mawasiliano yote ya data baina ya mabara hupita chini ya bahari. Na aliyeambiwa kwamba ndani ya mkongo mna shaba ya kumtajirisha amedanganywa. Shaba iliyomo ni ganda jembamba linalopitisha umeme wa maelfu ya volti wa kuendeshea vifaa vya kukuza mwanga njiani. Anayeupiga msumeno anacheza na roho yake.

Dunia nzima mikongo hupata hitilafu kama 150 hadi 200 kwa mwaka. Kamati ya Kimataifa ya Ulinzi wa Kebo za Baharini, iliyoanza mwaka 1958, inaonyesha kwamba nyingi husababishwa na nanga na zana za uvuvi. Majasusi wanaosimuliwa vijiweni wana sehemu ndogo sana humo, na papa vilevile. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali palipokatazwa nje ya bandari ya Mombasa, ikakata mkongo wa TEAMS unaokwenda Fujairah. Hakukuwa na njama yoyote.

Ndiyo maana wadau wa nchi mbalimbali wameamua kushirikiana kuzilinda kebo hizi. Novemba 2024 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano na ile Kamati ya Ulinzi wa Kebo waliunda chombo cha pamoja cha ushauri kuhusu ustahimilivu wa kebo za baharini, na Februari 2025 wadau wakakutana Abuja, Nigeria. Maabara nazo zimepiga hatua. Uzi uleule wa kioo unaobeba mwanga wa intaneti unaweza kusikiliza: mwanga unarushwa kutoka ufukweni, chembe yake inarudi, na mtikisiko wowote njiani unaubadilisha. Nanga inayoburuzwa makumi ya kilomita kutoka pwani inaweza kutambuliwa kabla haijafika kwenye kebo.

Lakini kutambua mtikisiko na kumjua aliyeutikisa ni mambo mawili. Meli za safari za kimataifa kuanzia tani 300 zinalazimika kubeba kifaa kinachotangaza jina na mahali zilipo. Ngalawa, dau na mashua hazina. Kwenye skrini ya mtafiti, mkondo wa Zanzibar unaonekana mtupu usiku uleule ambao sisi wa pwani tunauona umejaa karabai.

Niliwahi kukaa na wavuvi dikoni, upande wa Fumba, nikiwa na kipande cha kebo ya maji mafupi. Kebo ya namna hiyo huvikwa nyaya za chuma, kisha kamba za plastiki zilizopakwa lami. Nahodha mmoja mzee alikipokea, akakigeuza, akakinusa. Akasema, "Mwanangu, harufu hii naijua." Jarife lake lilinasa mara tatu mahali pamoja, wakati wa bamvua, kwenye kitu kinachotikisika kidogo lakini hakitoki, tofauti na mwamba. Kila mara wavu ulipanda una weusi wa lami ambao sabuni haikuutoa. Hakumwambia mtu, alihofia kukamatwa. Kisha akachukua kijiti akachora mchangani: mnazi upi ukae juu ya jengo lipi, pima ngapi za maji, mkondo unavuta wapi. Mchoro ule ulikuwa na thamani kuliko picha zote nilizobeba siku ile.

Alipomaliza akaniuliza, "Nikikupa alama zangu, nani mwingine atazipata?" Ni swali la haki. Alama za baharini ni urithi. Mtu haonyeshi mahali pa chewa hata kwa shemeji yake. Wenye kebo nao huficha njia zake wakihofia hujuma. Watafiti hushikilia takwimu hadi wachapishe. Mimi naona kila upande una sababu ya kuogopa, lakini hofu hizi zikiachwa zilivyo, hakuna atakayejua kebo inaguswa wapi hadi siku inapokatika. Kwa hiyo fomu yetu ya kukusanya taarifa za utafiti haiulizi unavua wapi. Inauliza zana ilinasa wapi. Jina lako linatenganishwa na alama kabla hazijamfikia mtafiti. Na vikundi vya kusimamia fukwe (BMU) na kamati za wavuvi vitaonyeshwa eneo la kuepuka, kama ukanda mpana, bila mstari wa kebo wenyewe. Uvumi kwamba utafiti huu ni hila ya kuwafukuza wavuvi baharini hauna msingi, na wanaoueneza wanawaumiza wavuvi wenyewe.

Sasa utaratibu. Zana ikinasa na ukahisi si mwamba, zima mashine. Usivute kwa nguvu ya injini, usijaribu kuinua, usizamie kuangalia. Soma mahali ulipo kwenye simu au chukua alama za nchi kavu. Kumbuka saa, pima za maji na mkondo. Funga boya kwenye ncha ya kamba, kisha kata kamba yako, si kitu kingine chochote. Ukifika pwani toa taarifa kwa afisa uvuvi, sheha, KMKM (kikosi cha kuzuia magendo cha Zanzibar) au polisi wanamaji ndani ya saa 24, pamoja na mabaharia wako kama mashahidi. Saa 24 hizo hazikubuniwa na ofisi yetu. Zimo katika mkataba wa Paris wa 1884 kuhusu kebo za simu ya maandishi. Ukikutana na meli ya kebo kazini, utaitambua usiku kwa taa tatu za wima, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Mchana hutundika tufe, almasi, tufe. Kaa nayo mbali angalau maili moja ya baharini.

Kuhusu fidia, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unasema katika kifungu cha 115 kwamba aliyepoteza nanga au wavu ili kuiokoa kebo alipwe na mwenye kebo, mradi alichukua tahadhari kabla. Niwe mwangalifu hapa: kifungu hicho ni cha bahari kuu na ukanda wa kiuchumi. Ndani ya maili 12 zinatumika sheria za nchi, na kila dai hupimwa kwa ushahidi wake. Siwezi kumwahidi mtu malipo kupitia makala.

Kuhusu adhabu, anayeharibu kwa makusudi au kwa uzembe wa kulaumika hatendewi kama aliyepatwa na ajali. Kifungu cha 113 cha mkataba huohuo kinazitaka nchi zilifanye hilo kuwa kosa, kikimwacha nje aliyekata ili kuokoa maisha au chombo chake baada ya kuchukua kila tahadhari. Tanzania Bara, hujuma iliyoitia hasara mamlaka ya umma ikishtakiwa kama uhujumu uchumi, kifungo ni miaka 20 hadi 30. Zanzibar ina sheria zake. Anayetoa taarifa mapema anakuwa na maelezo yake kwenye maandishi kabla hajaulizwa na mtu.

Fomu zinapatikana kwa maafisa uvuvi na ni bure. Asiyeandika ataandikiwa, atasomewa, kisha ataweka dole gumba mbele ya mabaharia wake wawili. Kipande cha kamba ulichobaki nacho usikitupe wala usikifue. Kilete kama kilivyo, na lami yake kama ipo; ni ushahidi.