Albumini si kipimo cha lishe, jamani

"Albumini imeshuka, basi hicho chakula cha mpirani hakimsaidii." Kauli hii, juu ya mgonjwa anayelishwa kwa mpira unaofika tumboni, naisikia kwa ndugu wa mgonjwa, kwa madaktari walioko mafunzoni, hata kwa mabingwa. Kinachofuata nakijua: ndugu anatumwa trei ya mayai, au familia inaambiwa itafute chupa ya albumini ya kutundikwa, kwa bei ya kuumiza.

Albumini ni protini ya kwenye damu; hutengenezwa na ini, na huchukua kama siku 20 kupungua nusu. Sasa mtu kalazwa Jumatatu akiwa na gramu 38 kwa lita, Alhamisi inasoma 24. Njaa ya siku tatu haiwezi kufanya hivyo. Huyo ana maambukizi makali, kaungua, au katoka kwenye upasuaji mkubwa. Mwili ukipata pigo kama hilo, ini huiweka albumini kando na kutengeneza protini za kupambana, kama CRP. Albumini iliyopo nayo huvuja nje ya mishipa, na dripu humalizia kwa kuizimua. Mlishe utakavyo, haitapanda mpaka ugonjwa wenyewe utulie. Upande wa pili, kuna watu waliokonda mifupa ikahesabika kwa kujinyima chakula, na albumini yao ni ya kawaida kabisa. Prealbumini, protini nyingine ya damu ambayo wengine huikimbilia kwa sababu hubadilika ndani ya siku mbili tatu, ina kasoro hiyohiyo. ASPEN, chama cha lishe tiba cha Marekani, kilishatamka kwamba zote mbili hazifai kupimia lishe. Bado fomu za maabara zinajazwa!

Mimi nikifika kitandani naomba chati ya muuguzi kwanza. Mgonjwa wa kilo 60, kwa kilokalori 25 kwa kilo, anahitaji 1,500 kwa siku. Tumeandika mililita 250 mara sita, za maziwa yenye kilokalori moja kwa mililita. Kwenye chati naona alama nne tu: mlo mmoja ulirukwa akisubiri picha ya CT, mwingine mpira uliziba. Kapata 1,000, yaani theluthi mbili. Hapo hakuna cha kupeleka maabara. Andikeni kilichoingia, si kilichoagizwa.

"Uji wa nyumbani unatosha." Ili upite mpirani lazima uwe mwepesi. Gramu 100 za unga wa mahindi kwa lita hutoa kilokalori 360 hivi, kwa hiyo lita moja na nusu ni 540, na protini gramu 12 au 13, wakati huyu wa kilo 60 anahitaji angalau 72.

"Kaongezeka kilo tatu, lishe imekubali." Kwa siku nne? Hayo ni maji. Lita moja ni kilo moja. Bonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, kikibaki kishimo umepata jibu. Mzunguko wa mkono wa juu kila wiki, mkono uleule, hunieleza zaidi kuliko mzani wa mgonjwa aliyevimba.

"Tumbo lina mabaki ya mililita 150, tusimamishe." Msisimamishe. Chini ya 500, kama hatapiki na tumbo halijavimba wala kukaza, endeleeni kumlisha, na mpandisheni kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45.