Mbunge wa jimbo, lakini jimbo lipi?

Juzi kijiweni, kahawa ikiwa bado ya moto, mzee mmoja ninayemheshimu alitupigia hesabu: Obama kawa seneta 1997, kaapishwa kuwa rais 2009, kwa hiyo kakaa Washington miaka 12 akijifunza kazi. Watu wakaitikia. Ningenyamaza kama isingekuwa wiki ileile nimesoma mahali kwamba Zohran Mamdani, yule mzaliwa wa Kampala, alikuwa "mbunge wa Marekani" kabla ya kuwa meya wa New York. Hakuwa. Yeye, kama Obama wa 1997, alikuwa mbunge wa jimbo.

Maana yenyewe ni fupi. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake la kutunga sheria za shule, barabara, kodi za jimbo na makosa mengi ya jinai. Anayekaa humo ni mbunge wa jimbo. Washington hana kiti. Mabunge 49 kati ya hayo yana mabaraza mawili, na la juu huitwa Seneti (Nebraska imeridhika na baraza moja tangu 1937). Ndiyo maana kule kuna maseneta wa taifa, ambao ni 100 tu, na maseneta wa majimbo wanaokaribia 2,000. Obama wa 1997 alikuwa kwenye kundi hili la pili. Alikuwa akienda Springfield, makao makuu ya Illinois, huku akiendelea kufundisha sheria Chicago. Mwaka 2000 alijaribu kwenda Baraza la Wawakilishi la taifa, akabwagwa na Bobby Rush, aliyekuwa akikishikilia kiti hicho, kwenye kura za ndani ya chama. Washington aliingia Januari 2005.

Kosa hili silioni kuwa la mzee. Linatokana na neno "jimbo". Mtanzania akilisikia anawaza jimbo la uchaguzi: mbunge wa jimbo ni yule aliyepigiwa kura na wananchi wa mahali fulani, tofauti na wa viti maalumu, na wote wawili wanakutana Dodoma. Ukimwambia "mbunge wa jimbo la New York", anaelewa mtu aliyetumwa na New York kwenda bunge kuu, na kwa Kiswahili chake hajakosea. Mkenya hana shida hiyo kwa sababu yeye husema eneo bunge. Kwake "majimbo" ni ugomvi wa kisiasa wa tangu 1963, nchi ilipopata uhuru ikiwa na mikoa saba yenye mabaraza yake, mpango uliovunjwa haraka. Na Mkatoliki popote alipo atakwambia jimbo ni la askofu.

Wanaolitumia kwa maana tunayoihitaji hapa ni ndugu zetu wa Kongo. Kwao jimbo ni Katanga ya Juu, ni Kivu Kusini, na mbunge wa jimbo anakaa Lubumbashi au Bukavu wakati mbunge wa taifa yuko Kinshasa. Tena mabunge yao ya majimbo ndiyo yanayochagua maseneta wa taifa, jambo ambalo Marekani nayo ilikuwa ikilifanya hadi katiba iliporekebishwa 1913. Abraham Lincoln, rais wa baadaye aliyewahi kuwa mbunge wa Illinois kuanzia 1834, aliukosa useneta mwishoni mwa uchaguzi wa 1858 kwa kura za wabunge wa jimbo lake, wala si za wananchi moja kwa moja.

Wazanzibari nao wana dawa yao. Jimbo moja la uchaguzi linatoa watu wawili: mbunge anakwenda Dodoma, mwakilishi anakwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Hakuna anayewachanganya. Kwa bahati mbaya hatuwezi kuliazima neno hilo, kwa kuwa Washington tayari kuna Baraza la Wawakilishi, na tungekuwa tumehamisha fujo tu.

Hata ukubwa wa kazi haufanani. New Hampshire ina wawakilishi 400, na kila mmoja hulipwa dola 100 kwa mwaka, kiwango cha tangu 1889. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida siku 140 kila baada ya miaka miwili. Wengi wa watu hawa wana mashamba, maduka au ofisi za uwakili zinazowangoja nyumbani. California ni habari nyingine, kule ubunge ni ajira kamili.

Basi mzee wangu, tuseme hivi: "seneta katika bunge la Illinois", na Mamdani "mjumbe wa bunge la jimbo la New York", lile lililoko Albany. Ni maneno mawili matatu ya ziada. Na ile miaka 12 ya Washington, tupunguze minane: Obama alikaa Seneti ya taifa karibu minne tu, na sehemu kubwa ya hiyo alikuwa barabarani akiomba kura.