Parishi ya Kiingereza ni nini? Mfano wa Laxton

Mtajie Mtanzania neno parokia, na kitakachomjia kwanza ni padre, kengele na misa ya Jumapili. Mwanglikana atasema parishi, Mlutheri atasema usharika, lakini wote watakuwa wanafikiria kanisa na waumini wake. Mganda ndiye atakayekuuliza: parishi ipi, ya kanisa au ya serikali? Kwao parishi ni ngazi ya utawala pia, juu ya kijiji na chini ya kaunti ndogo, na jina lenyewe walilirithi kwa Waingereza. Huyo Mganda yuko karibu zaidi na maana ya zamani. Uingereza, parishi ni ardhi: eneo lenye mpaka unaojulikana, na kila aishiye ndani ya mpaka huo, asali au asisali, ni mtu wa parishi hiyo.

Mpaka ulikuwa na kazi. Enzi za kati kila mkulima alitoa fungu la kumi la mavuno yake, na ilibidi ijulikane shamba hili linapeleka nafaka kanisa gani. Ramani hazikuwapo, kwa hiyo watu waliutunza mpaka kwa miguu. Siku chache kabla ya sikukuu ya Kupaa, padre, wazee na watoto waliuzunguka, wakichapa kwa fimbo miti na mawe yaliyouonyesha. Kuna mahali wavulana waligongeshwa kwenye jiwe lenyewe ili wakiwa wazee wakumbuke: hapa ndipo parishi yetu inapoishia.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parishi iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Ndiyo maana mpaka leo mtu anayetafuta mababu zake Uingereza huanza kwa kuuliza parishi. Halafu sheria ya mwaka 1601 ikaitwisha parishi mzigo wa maskini wake: kuwatoza kodi wenye mali na kuwalisha wajane, mayatima na wasiojiweza. Jambo jema hilo, ila lilikuwa na upande mchungu. Sheria ya mwaka 1662 iliruhusu maskini mgeni arudishwe parishi ya kwao, na kwa vile mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa parishi alimozaliwa, wasimamizi waliwahimiza wanawake wajawazito wasio na waume wavuke mpaka kabla ya kujifungua. Nikisoma habari za wanawake hao, huwa siwezi tena kuutazama mstari wa parishi kwenye ramani kama mstari tu.

Mwaka 1894 sheria ikayatenganisha mambo. Kanisa likabaki na parishi zake, na vijijini parishi za kiraia, yaani za serikali, zikapewa mabaraza ya kuchaguliwa. Hiyo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa Uingereza. Baraza hutunza makaburi, viwanja vya michezo, vibanda vya basi na bustani za kukodisha, na hutoa maoni kuhusu maombi ya ujenzi, ingawa uamuzi ni wa wilaya. Parishi yenye wapiga kura wachache sana inaweza isiwe na baraza kabisa, ikatosheka na mkutano wa wakazi.

Sasa twende Laxton, mkoa wa Nottinghamshire, karibu na miji midogo ya Ollerton na Tuxford. Parishi ya kiraia inaitwa Laxton na Moorhouse, Moorhouse kikiwa kitongoji chake. Kuna kanisa la Mtakatifu Mikaeli, kuna kilima cha udongo kilichobebeshwa ngome baada ya Wanormani kuiteka Uingereza, na kuna barabara moja yenye nyumba za wakulima pande zote mbili. Hizo nyumba zina habari kubwa. Sehemu nyingi za Uingereza mkulima anaishi peke yake katikati ya shamba lake. Laxton wanaishi pamoja kijijini, na mashamba yako nje, kwa sababu hakuna aliye na shamba moja lililokusanyika. Mashamba makubwa ni matatu, Mill Field, South Field na West Field. Hayana ua wala ukuta ndani yake, na kila moja limekatwa ngwe ndefu. Mkulima mmoja ana ngwe hapa, nyingine kule, ili asiwepo wa kubeba udongo mzuri wote na mwingine kuachiwa mbovu. Mwaka huu shamba moja linapandwa ngano, la pili mazao ya majira ya kuchipua, la tatu linapumzishwa. Mwakani yanabadilishana zamu. Mabonde yenye majimaji, yasiyolimika, yameachwa na nyasi zake, na maua ya porini yaliyotoweka kwingine bado yanachanua humo.

Zamani sehemu kubwa ya Uingereza ililimwa hivyo. Kisha, hasa kati ya mwaka 1750 na 1850, Bunge lilipitisha sheria maelfu za kuzigawa upya ngwe, zikawekewa ua na kuwa mashamba ya mtu mmoja mmoja, na wanyonge wengi wakapoteza malisho ya pamoja. Laxton ilinusurika kwa sababu ardhi yake ilikuwa mikononi mwa mabwana wawili wakubwa, na mipango ya kubadilishana vipande haikufika mwisho. Tunaujua mpangilio wa zamani kwa uhakika kwa sababu mwaka 1635 mpimaji Mark Pierce aliichora parishi yote, ngwe kwa ngwe, pamoja na watu wanaolima, ng'ombe na wawindaji. Ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Ngwe za leo ni chache na pana zaidi, lakini mashamba matatu ni yale yale.

Mwishoni mwa Novemba, ngano ikiwa imeshachomoza, wazee wa baraza la mashamba, wanaoitwa jopo, hupanda tela la trekta na kwenda kulikagua shamba la ngano. Wanashuka kwenye udongo mwekundu unaonata kwenye buti, wanatazama mfuo wa mwisho wa kila ngwe, na pale jembe la mtu lilipoingia njia ya wote au nyasi za pembeni, wanaandika. Kisha wanapigilia vigingi vipya kuonyesha mpaka ulipo. Wiki moja baadaye baraza hilo la mashamba, liitwalo Court Leet, hukaa katika baa ya kijiji. Walioingilia mpaka hutozwa faini ndogo ya fedha, na jopo la mwaka ujao huapishwa.

Ukoo uliomiliki ardhi hiyo uliiuza kwa Wizara ya Kilimo mwaka 1952. Mwaka 1981 ikapita kwa shirika linalosimamia ardhi ya ufalme, na mwaka 2020 ikarudi kwa Thoresby, milki ya ukoo ule ule. Mwenye ardhi amebadilika mara tatu. Novemba tela bado linatoka kijijini, limebeba vigingi na nyundo.