Mpira wa Eva Hesse: yanayosemwa na ukweli wake

Kila kazi za Eva Hesse, msanii wa sanamu wa Marekani aliyetumia mpira wa utomvu na faibaglasi, zinapokusanywa mahali pamoja, kama ilivyofanyika mwaka 2002 kwenye jumba la San Francisco Museum of Modern Art kabla ya kupelekwa Wiesbaden, Ujerumani, na Tate Modern ya London, lawama huwa zilezile. Nyingi zinamwonea yeye, na zinawaonea pia wanaozitunza kazi zake.

"Makumbusho yamezembea." Mtu anaona shuka la mpira lililokuwa laini na jeupe kama maziwa, sasa limekuwa la kahawia, limekakamaa na kupasuka pembeni, naye anatafuta wa kulaumiwa. Mhusika ni mpira wenyewe. Hesse alitumia mpira wa maji, ule unaotengenezewa kalibu, akaupaka kwa brashi tabaka juu ya tabaka. Asili yake ni utomvu wa mti, na hewa ya oksijeni pamoja na mwanga huukatakata ndani kwa ndani: kwanza unanata, kisha unabadilika rangi, mwisho unakauka na kumeguka. Mpira wa kufungia noti uliosahaulika kwenye droo hupitia njia hiyohiyo. Giza na ubaridi wa ghala huchelewesha tu.

"Hakujua kwamba utaharibika." Alijua vizuri. Katika mahojiano ya mwaka 1970, mwaka aliofariki, alisema anajisikia hatia kidogo watu wanapotaka kununua kazi hizo, hata anatamani kuwaandikia barua awaambie hazitadumu. Lakini alisema pia kwamba kama anauhitaji mpira, hilo ndilo kubwa zaidi. Mimi namwamini. Alitaka kitu kinacholegea, kinachopitisha mwanga na kubadilika kila kinapotundikwa, na shaba isingempa hivyo.

Kuna wanaosema kemikali za kazini ndizo zilizomuua. Alifariki kwa uvimbe kwenye ubongo akiwa na miaka 34. Moshi wa resini, kimiminika kinachogandisha faibaglasi, ni hatari na hakuna anayebisha, ila kwamba ndio uliomletea uvimbe huo haijathibitishwa.

"Basi zitengenezwe upya." Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linasikika kama wema. Itazame *Contingent* ya mwaka 1969, iliyoko National Gallery of Australia, Canberra. Ni vipande vinane vya kitambaa chepesi kama shashi, vimetundikwa sambamba kutoka darini. Katikati vimepakwa mpira, juu na chini ni faibaglasi. Faibaglasi imestahimili, mpira umekolea rangi, na kila kipande kina mikunjo na unene wake. Unene huo ulitokana na maamuzi ya Hesse mwenyewe. Fundi hodari anaweza kupata vipimo, lakini maamuzi yale atayakisia tu. Nakala inaweza kumsaidia mwanafunzi, mradi iandikwe wazi kuwa ni nakala, na isikae mahali pa ile halisi.

Wapo pia wanaodhani kazi iliyochakaa haifai tena kuonyeshwa. Mwaka 2022 makumbusho ya Guggenheim ya New York ilitoa ghalani *Expanded Expansion*, pazia kubwa la kitambaa na mpira lililosimamishwa kwa nguzo za faibaglasi, baada ya takriban miaka 35 bila kuonekana hadharani. Wahifadhi waliimarisha sehemu dhaifu, ikasimamishwa ukumbini ikiwa na rangi yake ya sasa.