Mnara wa 5G na dishi la futi nane: maneno ya mtaani na ukweli wake

Mimi kazi yangu madishi, nimepanda mapaa ya watu mpaka magoti yananidai. Tangu minara ya 5G ianze kusimama hapa Dar kuna maneno nayasikia karibu kila nyumba nikishusha begi la vifaa, mengine ya kuchekesha, mengine yanamtia mtu hasara kabisa, sasa leo nayaanika.

"Mnara uko chini, setilaiti iko juu, vitagongana wapi?"

Vinagongana kwenye dishi lako. Setilaiti za C-band, yaani yale masafa ya madishi makubwa ya TV, zimekaa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, na transmita moja ya kule juu inakuwa na wati makumi tu, yaani kama balbu ile ya zamani ya manjano. Mnara uko kilomita moja kutoka kwako, au hata nyuma ya ukuta wako. Tufanye vyote vinarusha kwa nguvu sawa, bado umbali peke yake unaifanya signo ya setilaiti ikufikie ikiwa dhaifu zaidi ya mara bilioni 1 (umbali ukizidi mara 36,000 nguvu inapungua mara 36,000 kwa 36,000, zidisha kwenye simu yako uone). Ndio maana dishi likawa futi sita, futi nane, sio urembo lile. Ni kama mtu ananong'ona mwisho wa uwanja wa mpira halafu pembeni yako wamefungulia spika za singeli, utamsikia saa ngapi?

"Nguvu ikipanda ndio signo nzuri"

Hii ndiyo inayokula hela za watu. Kuna mama mmoja Tabata alinipigia, "fundi njoo, nguvu iko juu lakini chaneli hamna hata moja". Nafika, skrini ya king'amuzi inasoma nguvu 94, kwoliti 0. Kabla yangu alishapita jamaa kamuuzia LNB mpya (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea na kukuza signo) na waya mpya na hali ikabaki vilevile. Nikalizungusha dishi mpaka kwenye anga tupu kabisa, sehemu ambayo hamna setilaiti yoyote, nguvu ikasoma 91! Hapo nikajua tunachosoma ni mnara, nikatoka nje kutazama na kweli ghorofa la nyuma walikuwa wamefunga antena mpya wiki ileile. Ule mstari wa nguvu unakuambia kuna kelele kiasi gani inaingia, haukuambii kelele ni ya nani, kwoliti ndiyo inayosema kama king'amuzi kimeelewa kitu.

Tulilishusha dishi kutoka juu ya paa tukaliweka uani, chini, ukuta ukaficha lile ghorofa. Sisi watu wa karibu na ikweta tuna bahati hapa, setilaiti zetu nyingi ziko juu sana kwa hiyo dishi linatazama juu na ukuta haulizibi njia, mwenzetu wa Ulaya ya kaskazini dishi lake linachungulia karibu na upeo wa macho, akishuka chini anatazamana na nyumba ya jirani. Kwoliti ikarudi 62, mama akaniletea chai na chapati.

"Masafa ni tofauti, kwa hiyo haiwezekani zikaingiliana"

Kwenye karatasi ni tofauti, sawa. Oktoba 2022 Tanzania ilipiga mnada wa masafa ya simu, yakiwemo ya 2600 na 3500 megahezi, wakati chaneli nyingi za C-band ziko kati ya 3700 na 4200. Tatizo ni LNB zetu, nyingi zinafungua sikio kuanzia 3400 mpaka 4200 zote kwa pamoja, na kazi ya LNB ni kukuza kinachoingia kama mara milioni moja hivi, sasa ikipewa mnara wa karibu inazidiwa, inalewa, inaharibu mpaka zile chaneli ambazo hazina ugomvi na mtu.

Dawa ni filta, ila inakaa kati ya mdomo wa dishi na LNB, KABLA ya kukuza. Nimeshakuta watu wamefunga kifilta kwenye waya nyuma ya king'amuzi, hapo ni sawa na kuchuja chai baada ya kuinywa. Halafu kuna LNB zinauzwa zimeandikwa 5G kubwaa, watu wanadhani zinanasa 5G, kumbe ni kinyume, zina filta ya kuizuia.

"Si wahamie Ku tu, C-band ya kizamani"

Subiri masika. Ku ni yale masafa ya juu zaidi ya madishi madogo, mawimbi yake ni mafupi, mvua kubwa inayala, C-band inapita mvua hiyohiyo bila shida, na kwetu mvua ikiamua kunyesha unaijua. Na kuhama kwenyewe ni hela, Marekani waliziondoa setilaiti kwenye masafa ya kati ya 3700 na 4000 megahezi kuwapisha watu wa simu, mnada wa hayo masafa uliingiza zaidi ya dola bilioni 81 na kampuni za setilaiti zikatengewa kama bilioni 9.7 ili ziondoke haraka. Mama wa Tabata ile LNB na waya alinunua kwa hela yake mwenyewe.

"Kugawana masafa kumeletwa na 5G"

Hapana, mkutano wa kimataifa wa masafa wa Geneva wa 1963 ndio ulioipa setilaiti masafa, na mengi yalikuwa tayari yanatumiwa na mitambo ya simu ya ardhini ya maikrowevu, kwa hiyo wameishi pamoja tangu mwanzo. Siri ilikuwa vituo vya kupokea setilaiti vilikuwa vichache, kama kile cha Longonot Kenya cha 1970, unakiweka mbali na mji unapiga hesabu ya umbali basi. Dishi la kila uani huwezi kulipigia hesabu hiyo.

"Starlink inatumia masafa ya minara"

Starlink ni intaneti ya setilaiti, na kile kidishi chake kinapokea kwenye Ku, kama 10.7 mpaka 12.7 gigahezi. Jirani yake anayemwogopa ni setilaiti za TV, anatakiwa asizivuruge, kwa hiyo analazimika kukwepa ule mstari wa juu ya ikweta zilipokaa setilaiti za TV, ambao kwetu unapita karibu na utosi. Inayochukua masafa ya simu kweli ni ile huduma ya kurusha moja kwa moja kwenye simu ya kawaida, Marekani wanafanya na T-Mobile kwa kipande cha masafa ya T-Mobile yenyewe, na hapo setilaiti ndiyo inayobanwa isiivuruge minara.